Kikosi cha Kumi cha Farasi: Kutoka Kansas hadi Afrika Kaskazini

Julai 1866, mwaka mmoja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Marekani liliidhinisha vikosi sita vya askari weusi, viwili kati yake vya farasi. Kikosi cha Kumi kiliundwa Fort Leavenworth, Kansas, chini ya Kanali Benjamin Grierson, Mzungu aliyewahi kuwa mwalimu wa muziki. Askari wake wengi walikuwa wametoka utumwani juzijuzi. Walilipwa dola 13 kwa mwezi, sawa na askari weupe, lakini maofisa wao karibu wote walikuwa Wazungu.

Walipelekwa kupigana na wenyeji wa asili wa nyanda za magharibi. Hili tusilifiche: watu waliotoka minyororoni walitumwa kuwabana wengine watoke kwenye ardhi yao. Mwaka 1880 huko Texas, Grierson aliacha kumkimbiza Victorio, kiongozi wa Waapache, akaenda kukalia vyanzo vya maji ambavyo Victorio angevihitaji. Victorio alizuiwa Tinaja de las Palmas, kisha Rattlesnake Springs. Akarudi Mexico na kuuawa huko mwezi Oktoba.

Cuba, 1898, katika vita dhidi ya Wahispania, farasi waliachwa Florida. Tarehe 1 Julai askari hao walipanda vilima vya San Juan kwa miguu, risasi zikiwanyeshea. Sajini George Berry alifika juu na bendera mbili, ya kikosi chake na ya Kikosi cha Tatu cha Wazungu. Luteni John Pershing alikuwa nao siku hiyo. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, ndiye aliyepewa jeshi zima la Marekani lililokwenda Ufaransa. Kikosi cha Kumi chenyewe kiliachwa kulinda mpaka wa Mexico.

Uchungu wa dharau hiyo unaonekana wazi kwa Charles Young, ofisa mweusi aliyezaliwa utumwani Kentucky na kuongoza askari wa Kikosi cha Kumi nchini Mexico mwaka 1916. Vita vya Ulaya vilipopamba moto, jeshi lilimstaafisha kwa madai ya ugonjwa. Mwaka 1918 akapanda farasi kutoka Ohio hadi Washington kuthibitisha uzima wake. Alirudishwa kazini siku chache tu kabla vita havijaisha. Alifariki Lagos, Januari 1922, akiwa mwambata wa kijeshi wa nchi yake nchini Liberia.

Katika Vita Kuu ya Pili kikosi kilivushwa bahari, na Machi 1944 kikavunjwa Afrika Kaskazini bila kupelekwa vitani. Watu waliofunzwa kupigana wakagawanywa katika vikosi vya huduma. Kwangu mimi, nasaba ya kikosi hiki haielezwi kwa haki kama San Juan inatajwa na mwezi huo unarukwa.

Jina la Kikosi cha Kumi lilifufuliwa baadaye, farasi wakiwa wameachia nafasi vifaru na magari ya deraya. Tawi lake moja lilipigana Vietnam, na mwaka 2003 likaingia Iraki pamoja na Divisheni ya Nne. Safari hizo weusi na weupe walikuwa safu moja, kwa kuwa Rais Truman alikwisha kutoa amri mwaka 1948 ya kukomesha ubaguzi jeshini.