Dereva mfupi, gari kubwa: Jinsi ya kuvifikia vikanyagio bila kuhatarisha maisha

SIKU za soko mjini Karatina, malori madogo yajulikanayo kwa jina la Canter hujipanga kabla ya mapambazuko yakisubiri kabeji, viazi na karoti za kupelekwa Nairobi. Ukichungulia chumba cha dereva katika baadhi ya magari hayo, utaona vifaa ambavyo mtengenezaji hakuvitia: mto wa sofa uliokunjwa mara mbili, gunia lililoshindiliwa nyuma ya mgongo, na mara mojamoja kipande cha mbao kilichofungwa kwa mpira wa tyubu juu ya kikanyagio cha klachi.

Hizo ni mbinu za madereva wafupi. Nyingine zinafaa kwa kiasi fulani, na nyingine ni mauti yaliyofungwa kwa mpira. Makala haya yanaeleza ni zipi, na kwa nini.

Chanzo cha tatizo ni kwamba magari makubwa tunayoyatumia yalisanifiwa kwa kufikiria mwili wa mtu mwingine. Sanamu maarufu zaidi ya kupimia ajali duniani, iliyoundwa na kampuni ya General Motors mwaka 1976, inawakilisha mwanamume wa Kimarekani mwenye urefu wa takriban sentimita 175 na uzani wa kilo 78. Baadaye palitengenezwa sanamu ya mwanamke, lakini ilikuwa ya mwanamke mdogo mno, wa sentimita 150 hivi. Ilibidi dunia ingoje hadi mwaka 2022 ndipo watafiti nchini Uswidi, wakiongozwa na Astrid Linder, watoe sanamu ya mwanamke wa kimo cha wastani, yaani sentimita 162.

Wastani wa urefu wa mwanamke nchini Kenya ni kati ya sentimita 158 na 160. Tofauti kati yake na yule mwanamume wa maabara ni kama sentimita 15, na karibu nusu ya tofauti hiyo iko miguuni. Sentimita saba zaonekana chache, lakini ndizo zinazotenganisha klachi iliyokanyagwa hadi mwisho na ile iliyokomea njiani. Wala jambo hili si la wanawake peke yao, maana wako wanaume wengi wanaoendesha malori ya majanichai na mabasi ya shule wakiwa wameketi ukingoni mwa kiti kama wageni wanaotaka kuaga.

Katika nchi tambarare mtu anaweza kuishi na kasoro hiyo kwa muda mrefu asidhurike. Maeneo ya Mlima Kenya hayana huruma hiyo. Barabara ya kutoka Nyeri kupitia Othaya hadi Murang'a hupanda na kushuka migongo ya ardhi iliyokatwa na mito itokayo milima ya Aberdare. Upande wa mashariki, barabara ya Embu kwenda Meru hushuka kwa ghafla hadi daraja la mto Nithi, ambako mnamo Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hatusemi kuwa mkasa ule ulitokana na kimo cha dereva. Tunachosema ni kuwa mteremko kama ule haumpi dereva nafasi ya kuutafuta mguu wake.

Hatari yenyewe huanzia kwenye klachi, wala si kwenye breki kama wengi wanavyodhani. Dereva wa lori lililosheheni anaposhuka mlima hutakiwa kurudi gia ya chini ili injini izuie mwendo. Asipoikanyaga klachi hadi mwisho, gia mpya hukataa kuingia ilhali ya zamani imekwisha kutoka. Hapo lori hubaki huru, likivutwa na uzito wake, na kazi yote huangukia breki ambazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu.

Yapo mengine tena. Katika malori madogo na matatu, breki husaidiwa na kifaa kinachotegemea injini. Injini ikizimika, msaada huo hutoweka baada ya kukanyaga mara chache, na kikanyagio huwa kigumu kama jiwe. Kukisukuma wakati huo kunahitaji nguvu ya paja, nayo hupatikana tu ikiwa nyonga na mgongo vimeegemea kitu kisichosogea. Anayekifikia kwa ncha za vidole hana nguvu hiyo.

Mwandishi wa makala haya, ambaye hajawahi kufika sentimita 160, alilijua hilo akiwa mwanafunzi wa udereva miaka mingi iliyopita. Siku hizo wengi wetu tulijifunza kwa lori na kupata madaraja ya B, C na E kwa pamoja. Mwalimu, mzee mwenye nia njema, alimwekea mto wa kitanda mgongoni. Katika mteremko mmoja nje ya mji wa Nyeri mto ule uliteleza ukaanguka kando. Kila alipoisukuma breki, mwili wake ndio uliorudi nyuma, na kikanyagio kikabaki palepale. Mzee akavuta breki ya mkono bila kusema neno. Walipofika chini ndipo aliposema, na maneno yenyewe hayafai kuchapishwa.

Basi dereva aanzie wapi? Aanze kwa kiti, gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Aketi hadi makalio yaguse egemeo, kisha akanyage klachi kwa mguu wa kushoto mpaka ifike mwisho. Goti linapaswa kubaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, au nyonga zikilazimika kuteleza mbele, kiti kiko mbali. Halafu afanye vivyo hivyo kwa breki, akisukuma kwa nguvu zake zote. Jaribio hilo halimalizi dakika moja na halina malipo, lakini ni nadra kulisikia likifundishwa.

Kusogeza kiti mbele hutatua shida ya wengi. Tabu ni kuwa katika magari yetu ya biashara, hasa matatu zilizozeeka, reli ya kiti huwa imeshika kutu, na pengine fundi aliichomelea kabisa ili kiti kisicheze. Mwenye gari akiwa mrefu, basi madereva wote watakaomfuata watalazimika kuwa warefu. Kuisafisha reli na kuipaka grisi ni kazi ya asubuhi moja.

Kiti kinaweza kukubali kusogea na bado miguu isifike, kwa kuwa sehemu ya kukalia ni ndefu kuliko mapaja ya dereva. Ukingo wake humkata nyuma ya magoti, naye huteleza mbele kutafuta nafuu. Dawa yake ni kuongeza unene wa egemeo la mgongo. Sponji ngumu ya sentimita tano hadi nane, iliyoshonewa ndani ya kifuniko cha kiti au kufungwa kwa mikanda imara, humsogeza dereva mzima mzima bila kumnyima pa kuegemea. Mafundi wa viti katika miji kama Karatina, Kerugoya na Nanyuki wanaiweza kazi hiyo, ila waambiwe wazi kuwa sponji laini ya makochi haifai, maana hubonyea dereva anaposukuma breki.

Hapa ndipo penye mtego ambao umewanasa wengi. Dereva mfupi ana shida mbili, ya macho na ya miguu, na tiba ya mojawapo huizidisha nyingine. Akiinua kiti ili aone barabara, anaipandisha miguu mbali na vikanyagio. Akikishusha ili avifikie, anatazama barabara kupitia ndani ya usukani. Kwa hiyo kila anapoongeza kimo cha kiti sharti akisogeze mbele pia, kisha arudie lile jaribio la klachi. Kwa upande wa macho, yapite juu ya ukingo wa usukani kwa sentimita saba au nane. Katika malori marefu, ambako sehemu iliyo mbele kabisa ya gari haionekani hata kwa mtu mrefu, kioo cha kuangalia chini mbele si pambo. Mtoto wa shule anayevuka karibu na bampa huonekana humo tu.

Malori makubwa na mabasi mengi ya kisasa yana viti vinavyobebwa na hewa, navyo vina hila yake. Kiti hicho hurekebishwa kulingana na uzani. Mtu wa kilo 55 akikalia kiti kilichoachwa na mwenzake wa kilo 95, humnyanyua hadi juu, nyayo zikaning'inia. Na lori likiruka shimo, kiti hupanda na kushuka, mguu ukaachana na kikanyagio kwa nukta chache. Dereva akipunguze hewa kwanza, akishushe, kisha ndipo akisogeze mbele.

Baada ya yote hayo ndipo tuzungumzie kurefusha vikanyagio vyenyewe. Viko virefusho vya chuma au aluminiamu vinavyokazwa kwa bolti juu ya kikanyagio, vikiongeza kati ya sentimita mbili na nusu na kumi hivi. Masharti yake ni machache lakini hayana mjadala. Vibanwe kwa bolti pande zote mbili, wala si kwa waya, kamba au mpira. Vikaguliwe kila wiki. Kirefusho cha breki kisiwekwe peke yake wala cha mafuta kisiachwe nyuma, kwa sababu mguu wa kulia umezoea tofauti fulani ya kimo kati ya viwili hivyo, na tofauti hiyo ikibadilika, mguu hujikwaa wakati wa dharura. Sakafu nayo iinuliwe kwa jukwaa dogo lililokazwa, ili kisigino kipate pa kutua. Fundi asichomelee kitu kwenye mkono wa breki, maana joto la kuchomea laweza kuudhoofisha.

Kile kipande cha mbao tulichokitaja mwanzoni hakitimizi hata sharti moja. Mbao hupasuka, mpira hulegea kwa joto la injini, na kikianguka hujibana chini ya breki. Anayedhani hayo ni maneno ya kutisha watoto na akumbuke mwaka 2009, kampuni ya Toyota ilipotangaza kurekebisha mamilioni ya magari nchini Marekani kwa sababu mazulia ya sakafuni yaliweza kunasa kikanyagio cha mafuta. Lile lilikuwa zulia tu. Mkaa huu wa mbao, chupa za maji na pea ya pili ya viatu, vyote vitoke miguuni pa dereva.

Kuhusu viatu, soli nene huongeza sentimita mbili lakini huuibia unyayo hisia, dereva asijue ameikanyaga breki kiasi gani. Kiatu kifaacho kina soli ngumu, bapa na isiyoteleza. Msimu wa masika, gambuti zenye matope ya shambani zibaki nyuma ya kiti.

Kwa magari yenye mifuko ya hewa, kuusogelea usukani kupita kiasi kuna hatari yake. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na wataalamu hushauri pawepo angalau sentimita 25 kati ya mfupa wa kifua na kitovu cha usukani. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliruhusu madereva wasioweza kutimiza umbali huo wawekewe swichi ya kuuzima mfuko. Kwetu, njia nyepesi ni kulaza egemeo nyuma kidogo na kuuinamisha usukani uelekee kifuani badala ya usoni. Mkanda wa usalama, ambao kanuni za marehemu waziri John Michuki zilifanya uwe wa lazima katika magari ya abiria mwaka 2004, upite begani wala si shingoni. Ukikata shingo, nanga yake ya juu ishushwe, ikiwa inashuka. Kuupitisha chini ya kwapa ni kuzihatarisha mbavu.

Kwa wale ambao kimo chao ni kifupi mno kutokana na maumbile, mto na sponji havitatosha. Hao huhitaji vikanyagio maalumu au vidhibiti vya mkono. Mfumo wa leseni unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, umetenga daraja la F kwa madereva wenye ulemavu. Anayebadilisha gari namna hiyo aijulishe kampuni yake ya bima kwa maandishi kabla ya kuliingiza barabarani.

Limesalia jambo la madereva wa kushikilia, wale ambao katika matatu huitwa wa skwodi. Mwenye gari hushuka kula chakula cha mchana, mwenzake akapanda na kuondoka papo hapo, abiria wakihimiza, utingo akigonga bodi. Kiti kimeachwa kilivyokuwa, vioo vimeachwa vilivyokuwa, na klachi itajaribiwa kwa mara ya kwanza pale kwenye kilima. Utingo angeweza kungoja dakika moja.