Shilingi ya Mgonjwa

Katika vilima vya Kipkelion, upande wa Kericho, mtu akilazwa hospitali na gharama zikamshinda, jamaa zake na majirani wa kokwet yake hukutana. Huyu hutoa fedha za majani chai, yule huuza mbuzi, na mwenye kidogo hutoa hicho kidogo. Fedha huhesabiwa hadharani, nazo zikiisha kuandikwa, kila aliyetoa hujua zimepatikana ngapi na zinakwenda wapi. Bima ya afya ni mchango wa namna hiyo hiyo, ila umepanuliwa ukawa wa taifa zima, nao hutolewa kabla ugonjwa haujabisha hodi. Lakini liko jambo moja linaloitenga na mchango wa majirani: anayehesabu fedha yuko mbali, wala hatumwoni.

Desturi ya kuwakata wafanyakazi wa nchi nzima fedha za bima kwa amri ya sheria ilianza Ujerumani mwaka 1883, zamani za Bismarck. Mfanyakazi alitoa mafungu mawili katika matatu, na tajiri wake fungu lililobaki. Wawakilishi wa pande hizo mbili ndio waliosimamia mifuko, hata mchangaji akawa na sauti katika matumizi.

Kwetu Kenya, Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali mwaka 1966. Aliyepata mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa shilingi 20. Siku zile mshahara huo ulikuwa mkubwa. Mchuma chai hakuufikia, basi sheria haikumgusa wala haikumfaa. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa waliotaka kujiunga kwa hiari. Hata hivyo, kwa miaka karibu 50 fedha zile ziliwalipia hasa wagonjwa waliolazwa. Mwenye malaria aliyetibiwa na kurudi nyumbani siku ile ile alilipa kwa fedha za mfukoni mwake, ingawa alikatwa kila mwezi. Ni mwaka 2015 ndipo matibabu ya wasiolazwa yalipoenezwa kwa wanachama wa kawaida.

Mwaka huo huo viwango vilipandishwa. Natufanye hesabu ndogo. Mwenye mshahara wa shilingi 10,000 alikatwa 400, yaani 4 katika kila 100. Mwenye shilingi 200,000 alikatwa 1,700, ambayo haifiki hata 1 katika kila 100. Mnyonge ndiye aliyebeba mzigo mzito.

Je, shilingi ikiisha kukatwa huenda wapi? Njia zake ni tatu: kulipa hospitali, kuendesha ofisi, na kuwekwa akiba kwa siku ya maradhi mengi. Njia ya pili si ovu, kwani karani naye hula kwa jasho lake. Lakini ikipanuka mno, ile ya kwanza husongwa. Mfuko wetu ulijenga jumba refu la makao yake makuu Upper Hill, Nairobi, na wachangaji wana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha fedha za mgonjwa kifaacho kugeuzwa saruji. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2010 iliziamuru kampuni za bima kutumia kwa matibabu na kwa kuboresha huduma angalau senti 80 za kila dola, na senti 85 kwa bima za makundi makubwa. Kampuni isiyotimiza hurudisha kilichozidi.

Kenya nayo ilitunga sheria mpya mwaka 2023, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ikashika mahali pa Mfuko. Mwenye mshahara alianza kukatwa 2.75 katika kila 100, pasipo kupungua shilingi 300 kwa mwezi, na matumizi ya ofisi yaliwekewa mpaka wa 5 katika kila 100. Lakini Mfuko wa zamani uliacha deni la hospitali lipatalo shilingi bilioni 30. Hospitali isiyolipwa hupungukiwa na dawa, na mgonjwa mwenye kadi huambiwa akanunue dukani. Hapo majirani hukutana tena, wakamchangia mtu ambaye amekwisha kuchanga.

Kesho nanyi, wanafunzi, mtakatwa mishahara. Toeni bila kinyongo, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Lakini ulizeni hesabu, kama wazee wa kokwet wanavyoihesabu mbele ya watu wote.