Vita vya Kagera na uhalali wa kuvuka mpaka

Vita vya Kagera (1978–1979), baina ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, ndivyo hutajwa kwanza Afrika Mashariki linapoulizwa swali hili: je, ni haki jeshi kuingia nchi ya jirani na kuing'oa serikali inayoua raia wake?

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin waliteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, wakaua wanakijiji, wakaswaga ng'ombe na kulivunja daraja la Kyaka. Kuwafukuza kulikuwa kujilinda. Ubishi ulizuka jeshi la Tanzania liliposonga hadi Masaka, Mbarara na hatimaye Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na mkutanoni Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi.

Mwalimu Nyerere, Rais wa Tanzania, hakudai kwamba alikwenda kuwaokoa Waganda. Alisema vita vilikuwa viwili: vya Watanzania kumwadhibu mvamizi, na vya Waganda kujikomboa. Ni hoja ya mtu anayechunga sheria. Kimaadili, yenye uzito zaidi ni ile aliyoitoa hata kabla ya vita: kwamba Afrika ilinyamazia mauaji ya Amin kwa kuwa muuaji ni Mwafrika.

Hata hivyo, haki ya kuingia haihalalishi kila kinachofanyika huko. Mjini Masaka askari wa Tanzania walibomoa majengo mengi kulipiza kisasi cha Kagera. Hilo halina utetezi. Wakazi wa Masaka hawakumtuma Amin. Na baada ya uchaguzi uliobishaniwa wa Uganda wa 1980, damu ilimwagika tena nchini humo, eneo la Luwero.

Gharama za vita, takriban dola milioni 500, Tanzania iliibeba karibu peke yake. Dodoma, iliyoteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kutarajiwa kukamilika kwa miaka 10, ni miongoni mwa waliolipa: ujenzi ulizorota, na Serikali ilianza kuhamia huko kwa dhati mwaka 2016. 

Sheria ya mwaka 2000 ya Kuanzisha Umoja wa Afrika (mrithi wa OAU), Kifungu cha 4(h), sasa inauruhusu Umoja kuingia nchi mwanachama kuzuia mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Januari 2016, mgogoro wa Burundi ulipofika mezani, wakuu wa nchi hawakukubali kupeleka askari bila ridhaa ya serikali yake.