Zimwi lisilo na jina na roboti aliyepata walezi

Msomaji anayeifungua riwaya ya Mary Shelley kwa mara ya kwanza hushtuka akikuta kwamba Frankenstein si lile jitu la kwenye filamu. Ni jina la mwanafunzi wa sayansi, Victor, aliyeliunda. Kiumbe chenyewe hakina jina tangu mwanzo wa kitabu hadi mwisho. Vijana ninaosoma nao hapa Nyarutarama, Kigali, huliona pengo hilo upesi, na naamini wanaliona kwa sababu ya malezi yao. Katika desturi ya Wanyarwanda ya kwita izina, mtoto anapotimiza siku nane hutolewa nje. Watoto wa majirani hualikwa, hulima kidogo kwa mfano, hula pamoja, kisha kila mmoja humtajia mgeni jina. Uamuzi ni wa wazazi, lakini mpaka hapo ujirani mzima umekwisha kumtambua.

Shelley aliujua upungufu huo mwilini mwake. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797. Februari 1815 yeye mwenyewe alijifungua binti kabla ya wakati, na mtoto huyo akafa siku chache baadaye bila kupewa jina. Mwezi Machi aliandika katika shajara yake kwamba ameota wakimsugua mtoto mbele ya moto naye akafufuka. Mwaka uliofuata majivu ya volkano ya Tambora, iliyolipuka Indonesia Aprili 1815, yaliharibu kiangazi cha Ulaya. Shelley na marafiki waliokusanyika kwa mshairi Byron kando ya Ziwa Geneva walifungiwa ndani na mvua, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kisa hicho cha mvua ndicho kinachosimuliwa sana. Kwangu mimi, chimbuko la riwaya ni ile ndoto ya moto.

Kitabu kilitoka London tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Kilipoigizwa jukwaani mwaka 1823, orodha ya waigizaji iliweka vistari pale ambapo jina la kiumbe lingekaa, na Shelley alipoona akapendezwa. Filamu ya 1931 nayo, katika maandishi yake ya mwanzo, iliweka alama ya kuuliza mahali pa jina la mwigizaji wa kiumbe hicho. Kwa zaidi ya karne moja, basi, wasanii walikuwa wakilinda utupu huo kwa makusudi.

Swali la nani atamtambua kiumbe aliyeundwa, Japani ililipokea kwa njia nyingine. Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928, alinusurika mabomu yaliyoteketeza Osaka mwaka 1945, akasomea udaktari, lakini akachagua kalamu ya kuchorea. Hadithi zake za roboti mtoto, Atom, zilianza kutoka mfululizo kwa jina la Tetsuwan Atom mwaka 1952, ule ambao Marekani ilimaliza kuikalia Japani kijeshi, zikaendelea hadi 1968. Katuni yake ya televisheni ilianza tarehe 1 Januari 1963, siku na mwezi uleule wa kitabu cha Shelley. Hiyo ni sadfa tu. Lakini Tezuka alimjua vyema mtangulizi wake, kwani mojawapo ya visa vya mwanzo vya Atom kinabeba jina la Frankenstein.

Chanzo cha Atom ni kifo. Daktari Tenma anampoteza mwanawe Tobio katika ajali ya gari, anaunda roboti wa sura yake, kisha anagundua kwamba huyu harefuki wala hakui. Anamuuza kwenye sarakasi. Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosema Shelley alihofia sayansi na Tezuka aliipenda. Tenma ana hatia sawasawa na Victor. Wote wawili walitengeneza uhai, kisha wakaukana ulipowachukiza. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na mabwana hawa wawili walishindwa katika sehemu hiyo ya pili.

Tofauti ni Profesa Ochanomizu. Anamkuta Atom sarakasini, anamchukua, anamtengenezea baba na mama wa roboti, anampeleka shule akae darasani na watoto wa watu. Nguvu ya farasi laki moja aliyonayo Atom haikupungua hata kidogo; ilipata tu nyumba ya kurudi jioni.

Riwaya ya Shelley nayo ilikaribia kumpata mtu wa namna hiyo. Ni mzee De Lacey, kipofu. Kiumbe kimejificha kwa miezi kwenye kibanda kilichoshikamana na nyumba yake, kikijifunza lugha kwa kusikiliza na kuikusanyia familia kuni usiku. Siku kinapojikaza kuingia, mzee anakisikia kikizungumza na anakipokea kwa upole kama mgeni yeyote. Kisha wanawe wanarudi. Felix anakipiga kwa fimbo, familia inahama, na nyumba inaungua kwa mkono wa kiumbe hicho. Mauaji yote yanakuja baada ya mlango huo kufungwa. Kila niisomapo sura hiyo huona jinsi ilivyobaki kidogo tu tupate hadithi nyingine.

Hadithi hiyo nyingine, Rwanda imewahi kuitimiza kwa kumgeuza anayeitwa zimwi kuwa mwana. Sokwe wa milima ya Virunga alijulikana kwa wazungu mwaka 1902, Kapteni Robert von Beringe alipowapiga risasi wawili mlimani Sabyinyo. Kwa miongo iliyofuata filamu za ughaibuni zilimchora sokwe kama jitu la kutisha. Tangu mwaka 2005 watoto wa sokwe hao hupewa majina hadharani kila mwaka, kwa sherehe iliyochukua jina la ile desturi ya siku ya nane.

Mei 2020 zikaja roboti. Zilikuwa tano, na baadhi yazo zilipelekwa kituo cha tiba ya korona cha Kanyinya, hapa hapa Kigali, kupima joto la wagonjwa na kuwapelekea chakula na dawa ili wauguzi wasiambukizwe. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Jina hutolewa kwa siku moja. Malezi hayaishi, na mashine huchakaa, husahaulika stoo, huuzwa kama chuma chakavu. Naomba Makumbusho ya Etnografia ya Huye, yanayotunza majembe na vikapu vya mababu, yachukue angalau moja ya hizo tano, yaiweke mahali watoto wa shule watakapoiona, na kibao chake kiandikwe jina lake kwanza, kabla ya jina la kiwanda kilichoiunda.