Kailahun: wilaya iliyokatwa na mipaka



Katika mikutano yetu swali ni lile lile: mtu akirudi, nani anajua shamba lake? Swali hilo si la kwetu peke yetu. Tutazame Kailahun, wilaya iliyo mashariki kabisa mwa Sierra Leone, Afrika ya Magharibi.

Inapakana na Guinea na Liberia. Mto Moa unaipita, na watu wanalima mpunga, kakao na kahawa. Wengi ni Wamende. Wakissi wako upande wa mpaka, na ndugu zao wako Guéckédou, Guinea, na Foya, Liberia. Katika soko la Koindu watu wa inchi zote tatu walikutana.

Mwaka wa 1896 Waingereza walitangaza utawala wao juu ya bara la Sierra Leone. Lakini inchi ya chifu Kai Londo, yaani Luawa, ilikatwa na mpaka, na mji wenyewe wa Kailahun ukahesabiwa kuwa wa Liberia. Mwaka wa 1911 serikali mbili zikabadilishana ardhi, Kailahun ikarudi Sierra Leone. Wenyeji walikuwa pale pale.

Wilaya imegawanyika kwa cheferi, na machifu ndio wanajua shamba ni la ukoo gani. Kulikuwa pia na halmashauri ya wilaya, lakini mwaka wa 1972 serikali ilizivunja halmashauri zote. Machifu wakabaki, pamoja na wakubwa waliotumwa kutoka Freetown.

Machi 1991 vita vikaanzia huko huko, katika kijiji cha Bomaru. Watu wakakimbilia Guinea na Liberia. Vita vilitangazwa kwisha Januari 2002. Mwaka wa 2004 UNHCR ilimaliza kazi ya kuwarudisha, na mwaka ule ule halmashauri zikachaguliwa tena, baada ya miaka 32. Ni kusema, wengi walirudi wakati hakuna baraza walilolichagua. Mambo ya shamba yalibaki kwa chifu na wazee, na mbele yao karatasi ya mtu ni jirani anayemkumbuka.

Hapa kwetu Katiba ya 2006 inazipa sekta na cheferi haki ya kujiongoza. Tusingoje ofisi ifunguliwe. Andika sasa jina la kijiji, la grupma, mipaka ya shamba la baba yako, na majina ya majirani wa pande zote. Nanyi wafadhili, mabati tunayashukuru sana, lakini nyumba inataka kwanza kiwanja kisicho na kesi.