Milima ya Kale Inayoinywesha Dar es Salaam

Abiria wa mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea wanaijua Kitonga. Ukishaipita Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kupanda kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule. Malori yaendayo Tunduma yanajikongoja kwa gia nzito, na aliyekuwa amesinzia anafumbua macho apende asipende. Ukifika juu, joto la bondeni limekwisha na watu wanatafuta masweta. Wengi wanaihesabu Kitonga kuwa kero ya safari tu, lakini ukuta ule ni ukingo wa milima ya Udzungwa, na Udzungwa ni kipande kimoja cha safu ambayo umri wake unaufanya Kilimanjaro uonekane kitukuu.

Safu hiyo ni Tao la Mashariki. Inaanzia vilima vya Taita huko Kenya, inavuka mpaka kuja Upare, Kaskazini na Kusini, kisha Usambara mbili, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi imo Malundwe, kusini kuna Mahenge, na Udzungwa inaifunga safu karibu na Makambako. Hesabu iliyozoeleka ni vipande 13. Wenyeji walikuwa na majina ya milima yao tangu enzi na enzi. Jina la jumla ndilo jipya: lilienea miaka ya 1980, baada ya mtaalamu wa mimea Jon Lovett kuonyesha kwamba misitu ya milima hiyo iliyotengana ina undugu.

Kilimanjaro ni volkano. Ulijengwa na uji wa moto uliotoka chini ya ardhi na kurundikana, na kazi hiyo haijatimiza hata miaka milioni 3. Tao la Mashariki halina volkano. Miamba yake ilipikwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kuungana kuwa bara kuu la Gondwana. Mahali pa mgongano huo wanajiolojia wanapaita Ukanda wa Msumbiji. Mawe yalisukumwa makumi ya kilomita chini ya ardhi, yakabanwa na kuchemshwa kwa joto la mamia ya nyuzi mpaka yakabadilika sura. Ukilitazama jabali la Uluguru lililopasuliwa kando ya barabara utaona mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda. Hayo ndiyo makovu ya mgongano ule. Tanzanaiti ya Mererani, iliyojulikana kwa ulimwengu mwaka 1967, ilizaliwa katika purukushani hiyohiyo.

Lakini ukongwe wa jiwe si ukongwe wa mlima. Milima ya mwanzo iliyotokana na mgongano huo ilishalika na kusawazishwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka. Baadaye Gondwana ikaanza kupasuka, Madagaska ikajitenga, na ardhi ya huku kwetu ikabaki na nyufa ndefu. Nyufa hizo ndizo zilizoleta milima tunayoiona leo. Pande moja la nchi liliinuka, la jirani yake likadidimia, na kati yao ukabaki ukuta. Wanajiolojia wanakadiria kwamba kuinuka huko kulianza angalau miaka milioni 30 iliyopita, na misukosuko iliyozaa Bonde la Ufa ikaongeza nguvu. Ndiyo maana ukiwa Mang'ula, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, huoni vilima vikikua polepole. Tambarare inakwisha ghafla na Udzungwa inasimama mbele yako, kilele chake cha Luhombero kikifika mita 2,576.

Kimo hicho si cha kujivunia mbele ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Jambo kubwa ni mahali milima ilipokaa. Upepo wa Bahari ya Hindi unapoingia bara hukutana nayo, hupanda, hupoa na kumwaga maji. Mashariki mwa Uluguru, upande wa Kinole na Matombo, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, huku upande wa pili wa mlima uleule ukipata mvua pungufu kuliko hiyo. Hata zama za barafu, Afrika ilipokauka, bahari hii haikubadilika sana na ukungu wake uliendelea kuja. Wanasayansi wanaona hiyo ni sababu kubwa iliyoifanya misitu ya huku iendelee kuishi wakati mingine ikigeuka nyika.

Msitu uliokaa peke yake muda mrefu namna hiyo hutunza viumbe wake. Ua dogo la zambarau linalopamba madirisha Ulaya lilichukuliwa Usambara mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire. Kisa cha mwaka 1991 kinanifurahisha zaidi: watafiti kutoka Denmark waliokuwa Udzungwa waliona ndani ya sufuria, kambini, miguu ya ndege wasiyemjua. Alikuwa kwale ambaye sayansi haikuwa imemwandika, na jamaa zake wa karibu wanaishi Asia! Wapishi, bila shaka, walishangaa kuona wageni wakishangaa.

Chura wa Kihansi, korongo la Udzungwa hiyohiyo, hakuwa na bahati. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye eneo la hekta chache lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa. Maji yalipohamishiwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliohifadhiwa Marekani walianza kurejeshwa mwaka 2012. Wapo waliomcheka chura huyo na gharama zake, lakini mlima uliompa yeye manyunyu ndio unaoipa mitambo maji.

Binadamu naye amekula sehemu yake: zaidi ya asilimia 70 ya msitu wa asili umekwisha. Ni rahisi kumnyooshea kidole mkulima wa mlimani, ila historia inataka tahadhari. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwa amri, bila kujali kwamba mahali pengi udongo ni mwembamba na jembe lilikuwa linafukua ardhi isiyo na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu akauawa, na mpango ukafa. Wasambaa nao waliukataa mpango kama huo kwao. Na bado, Mgeta, hukohuko Uluguru, leo utakuta ngazi za mashamba ya kabichi na viazi zilizotunzwa vizuri, kwa sababu huko mkulima mwenyewe ameona faida yake.

Na faida haikomei mlimani: Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na maji ya mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo yanayojaza matangi ya Dar es Salaam. Tanga inakunywa Mto Zigi unaotoka Usambara Mashariki. Kilombero, unaolishwa na Udzungwa na Mahenge, hupeleka sehemu kubwa ya maji ya Rufiji kwenye Bwawa la Nyerere. Mtu wa Sinza, Dar es Salaam, anayelipa ankara ya maji kila mwezi ana deni pia kwa mtu wa Kinole anayeacha miti kwenye chemchemi, na deni hilo halimo kwenye ankara. Mamlaka za maji ziliweke humo, na fedha zake zifike kwa wanakijiji wa juu mlimani.