Mahari imetolewa, bwana yuko Canada: ndoa gani inatambuliwa?

Katika gurupema ya Ikobo, wilaya ya Walikale, "Ulaya" ni jina la kila nchi ya mbali, hata Marekani na Canada. Vijana waliokimbia vita wakapitia kambi za Uganda kama Nakivale na Kyangwali, kisha wakapelekwa huko kama wakimbizi, wanatuma mahari nyumbani. Mbuzi wanapokelewa, wazee wanabariki, na binti wa Buleusa anaanza kuitwa bibi ya fulani. Kutoka hapo mpaka kwenye dirisha la ubalozi Kinshasa, safari ni ndefu, na dosie inaweza kukwama juu ya siku ile ile ya mahari.

Sheria ya Familia ya Congo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inaheshimu ndoa ya kifamilia. Inaomba wote wawili wawe na miaka 18 na wakubali wenyewe, kisha katika mwezi unaofuata ndoa iandikishwe kwa ofisa wa etasivili. Hapo ndipo watu wanachoka. Barua ya wazee yenye alama za vidole inatosha kwa ukoo, lakini konsula anaomba akti ya ndoa. Asiye na cheti cha kuzaliwa inafaa apite mahakamani kutafuta hukumu inayosimama mahali pa cheti hicho.

Shida kubwa ni bwana asiyekuwepo. Kwa sababu nzito, hakimu wa mahakama ya amani anaweza kuruhusu mtu amwakilishe mwenye kuoa, na akti inayotoka ni halali Congo. Lakini Canada, tangu tarehe 11 Juni 2015, haikubali ndoa ambamo mmoja hakuwepo kimwili, iwe kwa mwakilishi, kwa simu ao kwa video. Marekani inaikubali tu kama baada ya ndoa wawili hao walikutana wakaishi kama bwana na bibi. Ndiyo maana wengine wanapatana kukutana Kampala. Picha za safari hiyo na tikiti za basi zina uzito kuliko sherehe yenye watu mia mbili. Zitunzwe.

Jambo la pili linaumiza zaidi. Kuna anayesema mbele ya HCR kwamba hana bibi, akiogopa dosie yake itachelewa. Canada, ndugu wa familia ambaye hakutajwa wakati ule anakataliwa, ingawa mwaka 2019 ilianzishwa ruhusa ya muda kwa baadhi ya kesi. Aliyemtaja bibi yake ana mwaka mmoja, tangu kufika, wa kumuita kwa njia ya wakimbizi. Marekani muda huo ni miaka miwili, na ndoa iwe ilifungwa kabla bwana hajaingia. Aliyeoa baadaye anapitia njia ya kawaida: inafaa kwanza awe na kadi ya kijani, ambayo mkimbizi anaiomba baada ya mwaka mmoja, na bibi anaweza kungoja zamu. Bwana akiisha kuwa raia, zamu hiyo haimhusu tena.

Ombi linaanzishwa na yule aliye huko. Kwa njia ya kawaida, anajaza fomu, analipa ada, na anajifunga kumtunza mwenzake. Canada kifungo hicho ni cha miaka 3. Marekani anaonyesha pia mapato ya kutosha. Kwa hiyo komisionere wa Goma ao Butembo anayeuza "mwaliko wa ndoa" anauza karatasi tupu. Fomu zenyewe ni bure.

Inabaki safari ya Kinshasa kwa mahojiano. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, kwa mtu wa Ikobo njia moja ilikuwa kupanda kuelekea Lubero na Butembo, halafu Beni, na kutafuta ndege kule. Pesa ya safari hiyo iulizwe mapema kwa aliye Ulaya.